Nimelipa Kuulizwa Maswali

Kwa miezi mitatu nilikuwa nalala saa nane za usiku na kuamka saa kumi, feni ikizunguka na mimi nikizunguka nayo. Mama watoto akachoka. "Baba nanihii, nenda kwa watu wa ushauri nasaha." Kosa lake ni kuyasema hayo mlangoni, na mlango wetu unatazamana na baraza la kahawa.

Kufika magharibi, mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu. Vijana walisema nimechanganyikiwa, bado nauli ya Dodoma tu. Huku kwetu ukitaja akili, mtu anakupeleka hospitali ya Mirembe, kule Dodoma, moja kwa moja, kana kwamba hakuna kituo njiani.

Wazee walinionea huruma ya aina nyingine. Kwao "ushauri nasaha" ni kile chumba cha kupimia virusi vya UKIMWI, tangu ile kampeni ya mwaka 2007, Rais Kikwete na mkewe walipopima hadharani. Shangazi akapiga simu kutoka Tanga: "Mwanangu, dawa zipo, watu wanazeeka nazo." Nikamwambia tatizo langu ni usingizi. Akashusha pumzi: "Ndivyo inavyoanza."

Mjomba yeye alikuja mwenyewe. "Mwanamume haendi kulialia kwa mtu baki. Mimi yamenikuta mangapi, nikanyamaza?" Kweli kanyamaza. Hajasemeshana na kaka yake tangu 1994, kisa mwembe.

Nikaenda kwa ubishi. Nilitegemea kochi la kujilaza, kama la Freud kwenye picha. Kumbe la Freud liko makumbusho, London. Mimi nilikuta viti viwili na boksi la tishu, ambalo nililichukulia kama dharau. Nikaomba vidonge. Nikaambiwa mwanasaikolojia hatoi dawa, hiyo ni kazi ya daktari wa akili. Basi nipe huo ushauri, si ndilo jina la biashara? Binti, rika la kitinda mimba wangu, akaniuliza: "Na wewe mwenyewe unaonaje?"

Mwanangu, ningekuwa naona ningepanda daladala mbili?

Barazani ushauri ni bure, unapewa hata hujauomba, na kesho yake unausikia kwa muuza maandazi. Huku nimelipa, naulizwa maswali, na yule binti hamwambii mtu! Nikatoka na kazi ya nyumbani: niandike kila siku nimelala saa ngapi na nilikuwa nawaza nini. Mzee mzima, daftari la kurasa 48.

Wiki ya tatu tukalisoma pamoja. Kila usiku, neno lilelile: baba. Baba alifariki Machi. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Nilihesabu michango, nikakodi turubai, nikagombana na mpishi kuhusu mchele. Watu walinisifu kwa kujikaza. Binti akauliza, "Na wewe ulimlilia lini?"

Lile boksi la tishu nimeliomba radhi.

Siku hizi nalala kabla ya saa sita. Barazani bado wananiuliza majibu yangu yametokaje, na shangazi ananiombea. Waache. Ila wewe jirani wa ukuta mmoja, ukinisikia nakoroma usiku, usigonge. Huo mkoromo nimeulipia.