Mkosi Wenye Ratiba

Mtu wa Izimbya, mkoani Kagera, akikuta mbuzi ndani ya bustani yake ya mboga, neno la kwanza ni "bahati mbaya". La pili haliandikiki. Nyanya zikiungua kwa ukungu, bahati mbaya. Kabichi zikikosa mnunuzi, bahati mbaya tena. Mimi nadai kwamba hakuna sehemu ya kijiji yenye bahati mbaya chache kama bustani ya mboga. Majanga yake huja kwa zamu, kila moja na msimu wake, kwa uaminifu ambao mabasi yetu bado hayajaufikia. Na balaa linalorudi kila mwaka kwa wakati wake si mkosi. Ni ratiba tuliyokataa kuisoma.

Tuanze na vuli. Septemba mvua zikifungua, kijiji kizima husia mbegu karibu wiki moja, na waliosia pamoja huvuna pamoja. Kufikia Desemba kila nyumba ina kabichi, na kila nyumba inatafuta pa kuzipeleka. Mgeni haondoki mikono mitupu hata akisihi. Kabla ya hapo, Novemba, wameshuka senene, wale panzi wa kuliwa. Senene mwenyewe hana hatia: chakula chake hasa ni nyasi, kabichi haimhusu. Anayeangamiza tuta ni anayemfukuza, mtu mzima mwenye heshima zake, anayekimbia alfajiri na ndoo mkononi bila kuangalia anapokanyaga. Januari na Februari mvua hupungua, ndipo kantangaze anaponawiri, yule nondo mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyeripotiwa nchini mwaka 2014. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani la nyanya na kukaa humo bila kulipa kodi. Masika yakirudi Machi, ukungu hupokea zamu. Kisha huja kiangazi, Juni hadi Agosti, na hapo mambo mawili hukutana: kahawa imeiva, hivyo mikono yote iko kibanjani, kwenye migomba na mibuni, na nyasi za rweya, yaani uwanda wa malisho, zimekauka, hivyo kilichobaki kibichi ni bustani isiyo na mlinzi. Mbuzi hajui mipaka ya viwanja, lakini rangi ya kijani anaitambua kwa mbali.

Atatokea wa kunipinga: siku hizi tabianchi imebadilika, mvua haina miadi, ratiba itatoka wapi? Ni kweli mvua huchelewa. Lakini ikichelewa wiki tatu, na majirani wote husia wiki tatu baadaye, wote kwa pamoja, na kabichi hujaa vilevile. Tarehe imesogea; mfuatano haujasogea. Ukungu bado hufuata unyevu, kantangaze hufuata ukavu, na mbuzi hufuata njaa yake. Kinachohitajika ni kila mtu kusoma anga la kwake: mwambao wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kiasi hicho hupungua kadiri unavyoliacha Ziwa Viktoria kuelekea magharibi. Anayelima Izimbya kwa kuiga shemeji yake wa mwambaoni ameazima ratiba isiyo yake.

Mwingine atasema mboga ni mambo madogo, mali ya Mhaya ni mgomba na mbuni. Heshima ya mgomba siigusi. Ila mwaka 2006 mnyauko wa bakteria uligunduliwa Muleba, ukaenea katika mkoa, na wengi wakajifunza kwamba hata mgomba huugua. Tena kahawa hulipa kwa msimu, ilhali chungu hudai kila jioni. Aliyeuza magunia ya kahawa Julai na bado ananunua fungu la mchicha uliosafirishwa kutoka mbali, huyo mali anayo. Kinachomponyoka ni mboga.

Kama balaa lina ratiba, dawa nayo iwe na ratiba. Mbegu zisisiwe zote siku moja: kitalu kidogo kila baada ya wiki mbili huondoa furiko la Desemba na njaa ya Februari. Mchicha huvunwa ndani ya mwezi mmoja au zaidi kidogo, hivyo hakuna sababu ya kuusubirisha masika. Nyanya zipewe nafasi na hewa kabla ukungu haujafika, si baada ya kuungua. Mboga za kiangazi zishuke bondeni kwenye unyevu, badala ya kubebewa maji kichwani hadi mlimani. Novemba iachwe njia pana kati ya matuta, maana hakuna sheria ya kijiji itakayomzuia mtu anayefuata senene. Na uzio ujengwe Mei, kabla mikono haijaitwa kwenye kahawa. Mbuzi wa Julai ameshazaliwa tayari.