Mlango Mmoja, Kamera Kumi

Wapiga picha wa ridhaa wakiamua kutembea pamoja Mji Mkongwe, Unguja, heri mwenye nyumba ya mlango wa nakshi awe keshatoka kwenda sokoni Darajani. La sivyo, atabaki ndani. Kamera kumi zimeelekezwa kwenye misumari ya shaba, na jamaa mmoja amelala chali katikati ya uchochoro, eti anatafuta pembe. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hawa wenzetu wanaurithi upya kila Jumamosi.

Paka akikatiza, mjadala wa lenzi unakatika na wote wako chini, magoti vumbini. Paka anajilamba mguu.

Kisha wanamkuta mzee barazani na kikombe chake cha kahawa. "Shikamoo babu. Samahani, tazama kule, jifanye hutuoni." Babu, ambaye kwa kweli alikuwa hawaoni, sasa anakaza shingo kwa kujifanya.

Jioni wako Forodhani. Urojo umepoa, maana nao ulikuwa na zamu yake ya kupigwa. Kila mmoja ana picha chungu nzima za mlango uleule, na wanasifiana, "Umeua, kaka!" Aliyesahau kuchaji betri ndiye pekee aliyekula chakula cha moto.

Ila jamani, mrudishieni babu japo picha moja. Za karatasi bado zinachapwa, na bei yake haifikii hata nusu ya nauli ya boti.