Hili ni la Madai, Mzee

Ukiibiwa kuku, una bahati. Polisi watakuandikia, watakupa namba ya jalada, na mwizi akikamatwa atachuchumaa mbele yako. Balaa ni kudhulumiwa na mtu mwenye tai. Mimi nafyatua tofali za saruji, na mkandarasi mmoja alichukua kwangu mzigo wa shilingi milioni 38, akasaini kila karatasi ya kupokelea, akamaliza ghorofa lake, kisha akawa hapatikani kwa simu. Kituoni, afande alinisikiliza kwa upole, akanirudishia karatasi zangu. "Hili ni la madai, mzee. Nenda mahakamani."

Tangu hapo mimi ni mdai. Sipendi jina hilo. Mtaani kwetu mdai ni yule anayebisha hodi asubuhi watu wakinywa chai, mtoto akatumwa kumwambia baba kasafiri. Aliyekula tofali zangu yeye ni mdaiwa, jina la kutia huruma kabisa, na sote wawili kwa pamoja tunaitwa wadaawa, kama vile tumenyonya ziwa moja.

Wakili wangu ni binti mdogo kuliko mwanangu wa pili. Ana adabu: ananiamkia shikamoo kwanza, ndipo ananitajia pesa. Akanieleza kwamba kesi huanza kwa hati ya madai, na ndani yake lazima ionekane sababu ya madai. Nikamwambia sababu ni kwamba hajanilipa. Akaandika kurasa na kurasa. Mwishoni kuna nafuu ninazoziomba: nilipwe pesa yangu, na riba, na fidia ya jumla, na gharama za kesi, na nafuu nyingine yoyote ambayo mahakama itaona inafaa. Hiyo ya mwisho niliipenda, nikajua kuna nyongeza inakuja. "Hapana mzee," akasema, "hiyo huwa inaandikwa tu."

Na msiniambie shida yangu ni Kiingereza. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na Kiswahili mimi nimezaliwa nacho. Naelewa kila neno. Kinachonikera ni kwamba kila neno linakuja na tarehe yake.

Chukua samansi. Mdaiwa lazima apelekewe wito, asije kuhukumiwa bila habari. Ni haki kabisa. Lakini mpeleka wito akirudi anasema hakumkuta, na jioni hiyo hiyo namwona kwenye simu ya shemeji yangu, yuko harusini, anatunza. Basi tukaomba wito ubandikwe mlangoni kwake. Tarehe.

Akishapata wito ana siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi. Alizitumia zote, na ndani ya utetezi wakili wake akachomeka pingamizi la awali: kwamba aya ya uthibitisho kwenye hati yangu haikutenganisha mambo ninayoyajua mwenyewe na yale niliyoambiwa. Hakusema tofali hazikufika. Hakusema amelipa.

Hapo binti akaniletea kesi ya biskuti. Msicheke. Mwaka 1969 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua shauri lililotoka Uganda, Mukisa Biscuit Manufacturing Company dhidi ya West End Distributors, na mpaka leo mawakili wa huku wanaijua kwa kichwa. Ilisema pingamizi la awali liwe hoja ya sheria tupu, isiyohitaji kuchimbua ushahidi. Rais wa mahakama hiyo, Sir Charles Newbold, alilalamika humo humo kwamba mapingamizi yasiyostahili yanaongeza gharama na kuvuruga mambo, akataka mtindo huo ukome. Ukome, 1969! Na wakili wa upande wa pili naye alisimama akainukuu hiyo hiyo ya biskuti, kwa sauti kubwa kuliko yetu.

Hakimu akasema dosari inarekebishika, turekebishe. Tarehe. Katiba yetu, Ibara ya 107A, inaziambia mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Nimelitafakari sana hilo "kupita kiasi". Maana yake kiasi kipo, na ndicho ninachokilipia.

Kisha kuna kutajwa na kusikilizwa. Siku ya kutajwa unavaa shati la pasi, unapanda daladala, unakaa kwenye benchi, kesi inatajwa, unarudi nyumbani. Siku ya kusikilizwa, shauri linaahirishwa. Katikati tukapelekwa kwenye usuluhishi, mdaiwa akajitolea kulipa nusu, kidogo kidogo. Mama Zuhura akaniambia, "Baba Zuhura, chukua hiyo nusu tulale." Nikakataa. Nusu ya tofali hainunuliki.

Ndipo mahakama ikaandika viini vya mgogoro. Cha kwanza: je, kulikuwa na mkataba baina ya wadaawa? Cha pili: je, mdaiwa alipokea tofali? Jamani, ghorofa limesimama! Watu wameshahamia, wameanika nguo kwenye baraza. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, hata kama tofali zinaonekana ukiwa barabarani. Nikaleta dereva wa lori, nikaleta vijana wawili waliopakua, na wakili wa mdaiwa akamwuliza mmoja wao kama ana hakika zile zilikuwa tofali.

Nilishinda. Niliandikiwa hukumu na tuzo, na katika karatasi nikapandishwa cheo, sasa ni mshinda tuzo. Vijana wangu wakadhani nimepewa kikombe. Tuzo yenyewe ni amri ya mahakama inayosema nani amlipe nani kiasi gani, na haiji na hata senti moja. Ukitaka pesa, unaanza upya kuomba kukaza hukumu. Tarehe.

Dalali wa mahakama akaenda. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966, ambayo ni mtoto halali wa ile ya India ya 1908, ina orodha ya visivyoguswa: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, mapambo ambayo dini haimruhusu mwanamke kuyavua, zana za fundi, hata nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Sina ugomvi na sufuria za mtu. Lakini kulikuwa na lori, na dalali alipolishika akatokea shemeji wa mdaiwa na kadi ya gari yenye jina lake. Naye akafungua pingamizi. Nadhani sihitaji kusema kilichofuata, ila kilikuwa na mwezi na mwaka.

Imebaki njia ya gereza. Ndiyo, mdaiwa anaweza kuitwa ajieleze, na asipokuwa na maelezo akapelekwa ndani kama mfungwa wa madai, kwa muda usiozidi miezi 6. Nilifurahi, sifichi. Binti akashusha sauti. "Ila mzee, kula yake huko ni juu yako. Unaweka kwanza mahakamani pesa ya kumtunza, ndipo anakamatwa. Na akitoka, deni linabaki vilevile."

Nilipomsimulia Mama Zuhura aliacha kuchambua mchele. "Tofali ameshakula," akasema, "sasa na wali tumpelekee?"

Nimempigia binti kumwuliza kama mahakama inapokea tofali. Anaangalia kwenye sheria.