Utetezi wa Swali la Mutukula

Mtu wa Kahororo, hapa Bukoba, akisimulia safari yake ya Kampala hasimulii Masaka wala foleni ya magari ya kuingia mjini. Anasimulia meza ya Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, pale mfuko unapofunguliwa, mkono wa afisa ukazama kati ya nguo na senene, ukaibuka na kibahasha, kisha likaja lile swali: "Hizi dawa za nini?" Kila msafiri analo tusi lake kwa swali hilo. Mimi nimejitolea kuwa wakili wake, bila malipo, maana limesingiziwa mengi, na Bukoba haijawahi kukosa mtu wa kutetea kesi mbovu.

Nianze na ukarimu wake. Hospitalini umeamka alfajiri, umekaa benchi mpaka miguu imekufa ganzi; ukiingia kwa daktari, kiti hakijapata joto karatasi imeshaandikwa. Dirishani unapewa kibahasha chenye 1x3 kwa kalamu ya bluu, na anayefuata ameshaitwa. Mutukula hawana haraka hiyo. Unaulizwa ulianza lini, unakunywa ngapi kwa siku, nani alikuandikia, na mbona vidonge ni vingi kuliko siku utakazokaa. Kidonge kinanyanyuliwa kwenye mwanga, kinageuzwa, herufi za mgongoni zinasomwa kwa subira ya fundi saa. Yote hayo bure, bila kadi ya bima. Machi 2023, Marburg ilipotangazwa mkoani Kagera, hata joto la mwili watu walipimwa. Nitajieni zahanati inayofika hapo.

Tena swali lenyewe limejifunza kubana matumizi. Zamani uliulizwa ukitoka, ukavuka, ukaulizwa tena ukiingia. Tangu Magufuli na Museveni wazindue kituo cha pamoja mwaka 2017, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja upande wa nchi unayoingia, na aibu unaimaliza kwa mkupuo.

Lakini fadhila yake kubwa ni hii: ndilo swali pekee linaloweza kumnyamazisha nshomile. Nchi nzima inatujua Wahaya kwa jina hilo, watu wa kukutajia shule waliyosoma kabla hujamaliza kuitikia salamu. Kulikuwa na mzee mmoja kwenye Hiace, mwalimu mstaafu, koti limenyooka, kalamu mbili mfukoni. Tulipofika Kyaka alitufundisha habari za daraja la mto Kagera, jinsi majeshi ya Amin yalivyolilipua mwaka 1978, na vikosi vyetu vilivyovuka baadaye, kimoja kimoja, kwa majina ya makamanda. Hakumeza mate mpaka mpakani.

"Shikamoo mzee. Hizi dawa za nini?"

"Marahaba. Za presha."

"Zinaitwaje?"

"Hizo ndogo. Nyeupe."

"Na hizi?"

"Hizo nazo nyeupe. Lakini ni za usiku."

Tukapata kimya cha kwanza tangu stendi ya Bukoba. Mtu anayejua majina ya makamanda wa vita vya 1978 hajui jina la kitu anachokimeza kila asubuhi! Daktari hakumwambia, naye hakuuliza, kwa heshima. Ilibidi apatikane kijana wa forodha, asiyehusika kabisa na moyo wa mzee, ndipo jambo hilo liulizwe kwa sauti.

Wanachotaka pale si kigumu. Dawa ibaki kwenye boksi lake la dukani, cheti kiwe na jina lile lile la kwenye pasipoti, jina la dawa lisomeke, na kiasi kiendane na siku za safari. Sehemu ngumu ni hiyo ya kusomeka, maana mwandiko wa baadhi ya madaktari wetu unasomwa na mfamasia mmoja tu, naye yuko likizo. Ila fikiria upande wa afisa: ndani ya kibahasha kisicho na jina, kidonge cha kichwa na kidonge cha tramadol ni rangi moja. Amwamini nani, ile 1x3?

Kuna mahali mteja wangu ananitia aibu, sitaficha. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Siku zile watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichotoka Uganda, kikapita njia za panya usiku bila yeyote kuulizwa ni cha nini. Siku hizi dawa zipo, na zinatolewa bure tangu miaka ya 2000, lakini kopo lake linalia njiani kwenye kila shimo, na jirani wa kiti ana masikio. Basi mtu anavimimina vidonge kwenye pakiti ya majani ya chai. Afisa akikuta vidonge sitini ndani ya majani ya chai, hata angekuwa malaika, atafikiria biashara ya unga. Halafu swali linaulizwa mbele ya abiria wote waliosimama nyuma, kwa sauti ya mnadani. Hapo simtetei. Mwenye dawa ana haki ya kusema, "Naomba tuongee pembeni," na afisa muungwana anakuelewa.

Hata hivyo, kabla hujalilaani swali letu, waone ndugu zake wa ng'ambo. Binti anayekwenda kazini Dubai na chupa ya dawa ya kikohozi yenye kodeini ndani ya sanduku anatakiwa awe na kibali cha wizara ya afya ya kule kabla hajapanda ndege. Mwaka 2017 mtalii mmoja wa Uingereza aliingia Misri na vidonge 290 vya tramadol. Alisema ni vya mwenzi wake mwenye maumivu ya mgongo. Alihukumiwa miaka mitatu. Wangapi kati yetu tumesafiri na kimfuko cha "mwanangu, nifikishie hiki kwa shangazi yako", bila kukifungua, kwa adabu? Na usidhani cheo kinasaidia. Juni 2015 Julie Hamp, bosi wa mawasiliano wa Toyota, kampuni ile ile inayotengeneza Hiace zetu, alikamatwa Tokyo kwa vidonge vya oksikodoni alivyotumiwa kutoka Marekani kwenye kifurushi kilichoandikwa kuwa kina mikufu. Aliachiwa bila mashtaka, lakini kazi ilikuwa imeshaondoka. Mutukula, angalau, unaulizwa kwanza.

Na wapo wanaolijibu vizuri. Safari ile ile, nyuma ya mwalimu wetu, alisimama bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Masaka kwa binti yake. Afisa akatoa kwenye kikapu chake chupa ya soda yenye maji ya kijani.

"Bibi, hii dawa ya nini?"

Bibi akaweka kikapu chini ili mikono iwe huru. Ni mubilizi, akasema. Majani yamechumwa juzi asubuhi, umande haujakauka, mti uko nyuma ya nyumba upande wa migomba, aliupanda mama mkwe. Ni ya homa, na ya tumbo, na ya minyoo kwa watoto, ila kwa mtoto unapunguza. Mwenye mimba hapewi. Unakunywa nusu kikombe, hujala, siku tatu, ukizidisha utaharisha, na usiweke sukari kama wanavyofanya vijana. Akamtazama afisa usoni, akamuuliza kama analala vizuri, maana macho yake yana unjano. Akaanza kufungua kifuniko.

Afisa ndiye aliyemwomba apite.