Cheti cha Gesi, Joto la Ikweta

Uingereza, fundi asiyeandikishwa katika Gas Safe Register, daftari la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la CORGI tarehe 1 Aprili 2009, haruhusiwi kugusa boila ya gesi. Hata aliyefuzu hurudi mtihanini kila miaka 5, kana kwamba gesi imebadili tabia.

Wilaya ya Kasese, Uganda, haihitaji boila za kupasha nyumba joto. Ikweta inapita Kikorongo, na jua halitozi ada. Gesi iliyopo ni ya kupikia: mtungi unafika Bwera umefungwa nyuma ya bodaboda, kisha kijana wa dukani anakaza regulata, anainama, ananusa na kutangaza, "Iko sawa, mama." Mtahini ni pua. Povu la sabuni, ambalo lingetoa viputo pale gesi inapovuja, limeachiwa nguo.

Si kwamba Uganda imekosa vyeti. Chini ya sheria ya elimu ya ufundi ya 2008, Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ilianza kutoa cheti cha Worker's PAS kwa fundi aliyejifunza kazini bila kukaa darasani. Anapimwa kwa vitendo.

Kijana akiulizwa cheti chake, anaonyesha nyusi: zote mbili bado zipo.