Sifa za Mkutano Usio na Posho

Mkutano wa Kenya hupimwa kwa posho, chai ya saa nne na bahasha ya nauli. Ule wa IETF, wanaotunga viwango vya intaneti, hauna hata kimoja: wewe ndiye unayelipa kiingilio, na ukishindwa unaomba usamehewe. Mimi, mtaalamu wa majina ya vikoa hapa Machakos, nausifu kwa moyo mweupe.

Nausifu kwanza kwa kuninyima usingizi. Wakikutana San Francisco, alasiri yao ni usiku wangu wa manane. Mbwa wa mtaani wamechoka kubweka, nami nimejifunga shuka nikisikiliza kwa mtandao watu wazima wakibishana iandikwe “lazima” au “yapasa”. Usicheke. Tangu 1997 upo waraka mzima, RFC 2119, wa kutenganisha maneno hayo tu. Na anayeona huo ni upuuzi, amuulize fundi aliyesahau nukta moja. Kwenye faili la kikoa, andika mail.mfano.co.ke bila nukta mwishoni, nayo seva, kwa utiifu wake, itakurefushia iwe mail.mfano.co.ke.mfano.co.ke. Barua pepe za ofisi nzima zitabaki zikibisha hodi kwenye nyumba isiyojengwa.

Kura? Hakuna. Kwa jadi mwenyekiti huwaambia wanaokubali wagune, kisha wanaokataa, naye hupima kwa masikio. (Siku hizi mara nyingi hubonyezwa kitufe, maana mguno wetu sisi wa mbali haufiki.) Sisi Wakenya tuliobishania urais mbele ya Mahakama ya Juu 2013, 2017 na 2022 tutakosaje kuuonea wivu mguno? Hauna Fomu 34A ya matokeo ya kituo, wala hakuna atakayedai seva yake ifunguliwe.

Tena mkutano huu haukati tamaa. Misingi ya mfumo wa majina ya vikoa iliandikwa na Paul Mockapetris, na nyaraka zake mbili za Novemba 1987 zinatumika hadi leo. Ungedhani zilitosha. Mwaka 2018, jijini London, mtaalamu mwenzetu Bert Hubert alisimama akaufananisha mfumo huo na ngamia, akauliza ataongezewa mzigo hadi lini, maana kurasa za viwango vyake zilikuwa zimepita 2,000. Walimsikiliza vizuri sana. Kurasa zimezidi kuongezeka.

Saa tisa usiku, foleni ya maikrofoni ikiwa bado ndefu, mwenyekiti anatangaza muda umekwisha. Mjadala uendelee kwa barua pepe, ambako, namshukuru Mungu, hakuna wa kutazama saa.