Moshi wa Harusi ya Jirani

Fundi taa wa kumbi za harusi hapa Dar es Salaam utamjua kwa mifuko yake ilivyovimba. Kuna rimoti ya taa za rangi, rimoti ya mashine ya moshi, rimoti ya fataki baridi, na moja ambayo mwenyewe hajui ni ya nini, ila anaogopa kuibonyeza.

Kazi hii naipenda, lakini rimoti zina tabia zake. Zile za miale isiyoonekana, zinazoendesha taa ndogo za rangi, hutaka kutazamana na taa ana kwa ana. Shangazi akiinuka kwenda kumtunza bibi harusi, kilemba chake kikakatiza hapo katikati, nusu ya ukumbi inakuwa bluu na nusu inabaki nyekundu. Kamati iliyochagua rangi ya dhahabu inaanza kukutolea macho.

Rimoti za redio, nyingi za masafa ya MHz 433, kilemba hazikijui. Zinapenya hata ukuta. Balaa ni kwamba kumbi zetu zimepakana, na rimoti za bei nafuu huweza kutoka kiwandani zikiwa na msimbo uleule.

Jumamosi moja, mzee wa upande wa bwana harusi kasimama kutoa nasaha. Kafika kwenye "ndoa ni uvumilivu", mashine ya moshi ikatema: pshhhh! Maji na glikoli vilikuwa vimeshapata moto sawasawa, mzee akapotea pamoja na kipaza sauti. Nikaitazama mikono yangu, mitupu. Ng'ambo ya ukuta vigelegele vimepamba moto, maharusi wao ndio wanaingia. Moshi wao tukaupokea sisi.

"Na hili nalo ni la kuvumilia," sauti ya mzee ikasikika kutoka wingu lilipo.

Ukafika wakati wetu wa keki, nikabonyeza, moshi ukatoka kwa adabu zote. Punde si punde fundi wa jirani huyo mlangoni, jasho linamtiririka.

"Kaka, ni wewe unayetupulizia moshi kwenye pilau?"

Tukafungua rimoti na vipokezi vyake, tukageuza vijiswichi vya msimbo vilivyo ndani, kila mtu akarudi kwenye shughuli yake. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hizi zetu zinaua, ila nyoka wa jirani.

Dawa yenyewe si ngeni. Mfumo wa DMX512 upo tangu 1986: waya mmoja, chaneli 512, na haupokei amri za harusi ya watu wengine. Lakini iambie kamati kwamba waya una gharama yake na unataka mtu wa kuusimamia, utaulizwa, "Kwani rimoti huna?"

Basi wanakamati, lipieni waya. Bajeti ikigoma, mpelekeeni jirani ratiba yenu mapema, ajue keki inakatwa saa ngapi, afunike pilau.